KUJIFUNZA UDUKUZI KARATU: MWIZI AU FUNDI WA KUFULI?

Nimepotea kidogo hapa, mnisamehe. Mhariri alinituma Karatu kuandika habari za maandalizi ya msimu wa watalii, nikalala huko siku nne, na nimerudi na habari mbili. Ya kwanza imetoka gazetini, kama mliisoma au hamkuisoma hilo ni juu yenu. Ya pili haikuweza kwenda gazetini kwa sababu ndani yake mkosaji ni mimi mwenyewe. Hiyo ndiyo naileta hapa.

Kwa wasioijua Karatu: ukitoka Arusha unapita Makuyuni, unafika Mto wa Mbu, unapanda ukingo wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likiwa kushoto kwako, halafu unatokea kwenye udongo mwekundu, mashamba ya ngano na kahawa, na mji wenyewe. Mbele kidogo ni lango la Lodoare na Ngorongoro. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1959, na mwaka 1979 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wageni wengi wanaoshuka kreta hupita Karatu, na wengi wao hulala hapo. Maana yake ni kwamba pasipoti zao, kadi zao za benki na ratiba zao za safari hupita kwenye kompyuta za mapokezi za mji huo. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa kisa. Kwa mwaka mzima nimekuwa najifunza udukuzi. Subirini, msikimbie! Nasema udukuzi wa maadili, yaani kujifunza jinsi mwizi anavyoingia ili uweze kumwambia mwenye nyumba dirisha gani halifungi. Chuo sikusomea kompyuta, nilisomea uandishi wa habari. Nimejifundisha mwenyewe usiku baada ya kazi, kwa kutumia kompyuta ndogo inayoitwa Raspberry Pi, ambayo ukubwa wake hauzidi kadi ya benki kwa mbali. Ndiyo hiyo nilikuwa nayo kwenye begi Karatu.

Usiku wa kwanza gesti niliyofikia ilikuwa na runinga chumbani. Nikachomeka kidude changu nyuma ya runinga, nikaunga kibodi ndogo, nikaingia kwenye waifai ya wageni kwa nywila iliyobandikwa ukutani pale mapokezi. Halafu nikafanya jambo ambalo kila anayejifunza haya mambo mkono humuwasha kulifanya. Nikawasha Nmap, programu ya kupekua mtandao na kukuonyesha ni mashine zipi zimeunganishwa na milango ipi iko wazi. Ni programu ya bure, ipo tangu mwaka 1997.

Ikaja orodha. Simu za wageni. Kamera za ulinzi. Na kompyuta ya mapokezi, ikiwa kwenye mtandao ule ule wa wageni, na folda imeachwa wazi bila nywila. Jina la folda lilieleza wazi kabisa kwamba ndani yake kuna nakala za pasipoti.

Sikuifungua. Naapa sikuifungua. Lakini sikulala vizuri. Nilikuwa najiona shujaa, nikipanga asubuhi jinsi nitakavyomwambia meneja na jinsi atakavyonishukuru, labda hata chai ya bure.

Asubuhi nikamfuata. Shikamoo mzee, marahaba kijana, nikamweleza kwa upole. Nilivyokuwa naendelea kueleza ndivyo uso wake ulivyokuwa unabadilika. Mwisho akaniuliza swali moja tu: "Nani alikutuma?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza kijana. Umekuja hapa kulala au kuiba?"

Alishika simu kupiga polisi. Kilichoniokoa ni kitambulisho cha gazeti na dada wa mapokezi aliyemwomba anisikilize kwanza. Nikaambiwa nilipe, nibebe begi, niondoke. Sijui kama ile folda ilifungwa.

Nilitoka pale nimekasirika sana. Nikawa najisemea njia nzima: nchi hii bwana, unamsaidia mtu anakuita mwizi! Nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani makala ya kumlaumu yule mzee. Lakini hasira ilipopoa nikagundua swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yangu yote. Nani alinituma? Hakuna. Ni sawa na mtu anayepita usiku anajaribu vitasa vya milango ya mtaa mzima, halafu asubuhi anagonga na kusema mama, mlango wako ulikuwa wazi. Hata kama hakuchukua kijiko, wewe ungemwamini?

Na sheria iko upande wa mzee. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, inakataza kuingia kwa makusudi na bila uhalali kwenye mfumo wa kompyuta. Adhabu yake ni faini isiyopungua Sh milioni 3 au mara tatu ya faida uliyopata, ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inagusa pia vifaa na programu zilizotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa. Sasa mweleze askari wa zamu kwamba kidude chako kwenye begi ni cha kujifunzia... utaeleza mpaka jogoo awike.

Siku ya pili nikakutana na fundi simu mmoja karibu na stendi. Kijana wa kidato cha nne, kibanda cha mbao, sola juu ya bati. Nilikwenda kununua waya wa chaja, nikaona nyuma yake Raspberry Pi mbili zimepangwa kwenye boksi la viatu. Nikacheka kwa furaha kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini! Tukaongea saa mbili nzima. Naye anajifundisha. Moja ya zile mashine ameifanya seva yenye matundu ya makusudi, ya pili ndiyo anayoitumia kuishambulia. Hazigusi mtandao wa mtu mwingine.

Nikamsimulia aibu yangu ya jana. Akaniangalia kwa huruma, akafungua droo akanionyesha karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, ina sahihi na muhuri wa ofisi moja ya utalii, inasema wamemruhusu kukagua ruta na kamera zao, tarehe fulani hadi tarehe fulani, na asiguse kitu kingine chochote. "Kaka," akaniambia, "bila hii karatasi mimi ni mwizi tu mwenye kompyuta."

Wadau, nimesoma vitabu na kozi nyingi za mtandaoni juu ya udukuzi wa maadili. Sijapata tafsiri fupi kuliko hiyo.

Hapa ndipo nilipoona kwamba jambo hili si langu na fundi peke yetu. Karatu si mahali pageni kwa kompyuta hizi. Shirika moja la Marekani linaloitwa Powering Potential, lililoanzishwa na mama Janice Lathen, lilipeleka kompyuta za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua kwenye shule za sekondari za wilaya ya Karatu, Banjika ikiwa mojawapo. Pamoja nazo waliweka RACHEL, mkusanyiko wa vitabu, masomo na makala ambao mwanafunzi anausoma bila intaneti. Kwa nini walichagua mashine hiyo? Hesabu ni rahisi. Inakula wati chache tu, kwa hiyo paneli na betri ya kawaida vinaweza kubeba chumba kizima cha darasa. Kompyuta kubwa za mtumba zingemaliza betri kabla ya kipindi cha pili.

Raspberry Pi yenyewe ilitengenezwa Cambridge, Uingereza. Eben Upton na wenzake waliona vijana wanaoomba kusoma kompyuta chuo kikuu hawajawahi kuchezea mashine na kuiharibu, wakaamua watengeneze ya bei ndogo. Ilitoka Februari 29, 2012 kwa dola 35. Mwaka 2015 wakatoa ndogo zaidi ya dola 5, wakaibandika kwenye jalada la jarida lao kama zawadi! Kwetu bei hizo huzaa njiani, kuna usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, halafu bado hujanunua kadi ya memori na chaja. Matoleo mapya yenye nguvu nayo yamepanda bei. Kwa hiyo nitakuwa mkweli: kama nyumbani una laptopu ya mtumba inayowaka, anza na hiyo, usisubiri kidude. Uzuri wa hii ndogo ni kwamba huogopi kuiua. Ukiharibu kila kitu, unatoa kadi, unaiandika upya, baada ya nusu saa mashine ni mpya. Kujifunza udukuzi ni kuharibu mara mia, na hakuna anayethubutu kuharibu mara mia laptopu ya ofisi.

Programu zenyewe ni za bure. Kali Linux, ambayo ni Linux iliyopakiwa zana za ukaguzi wa usalama, ilitoka mwaka 2013 na ina toleo la Raspberry Pi. Kuna Juice Shop ya OWASP, duka bandia la mtandaoni lililojengwa bovu makusudi ili ulivunje ukiwa kwako. Kuna OverTheWire na picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, michezo ya kutafuta matundu ambapo waliotengeneza ndio wamekupa ruhusa. Huko unaweza kubomoa mpaka uchoke na hakuna atakayekuuliza nani alikutuma.

Na somo la kwanza kabisa liko ndani ya kidude chenyewe. Kwa miaka kumi mfumo wake ulikuja na jina la mtumiaji "pi" na nywila "raspberry", dunia nzima sawasawa. Waliliondoa hilo Aprili 2022. Ni mashine ngapi zilichomekwa mahali zikasahaulika na nywila hiyo? NASA waliambulia somo kama hilo. Aprili 2018 mdukuzi aliingia kwenye maabara yao ya JPL kule California kupitia Raspberry Pi iliyounganishwa kwenye mtandao bila idhini, akaondoka na faili 23, karibu megabaiti 500, nyingine za safari za Mars. Ripoti ya wakaguzi wao ilitoka Juni 2019. Kama NASA walisahau kidude ukutani, gesti ya Karatu itapona vipi?

Najua kuna msomaji anauliza: kwa nini tuwafundishe vijana wasio na ajira jinsi ya kuvunja? Si tutaongeza matapeli? Swali halali, tena linaumiza. Nani kati yetu hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Nani hana shangazi aliyetapeliwa akiba ya kikoba? Na mifano ya vijana wenye akili kuharibikiwa ipo. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta dunia nzima kwa kujaribu nywila za kiwandani zipatazo 60 tu, na Oktoba 21 mwaka huo shambulio lililoitumia likazima tovuti kubwa za Marekani kwa saa kadhaa. Waliotengeneza Mirai walikuwa vijana watatu wa Kimarekani wenye miaka ishirini na kidogo.

Lakini angalieni mwisho wa habari ile. Vijana wale walikiri makosa mwaka 2017, na mwaka 2018 mahakama haikuwafunga, iliwapa kifungo cha nje na kazi ya kijamii baada ya kuwasaidia FBI kuwakamata wahalifu wengine. Ujuzi ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni nani aliyewapa kazi na kwa ruhusa ipi. Tapeli wa "tuma kwenye namba hii" naye hahitaji Kali Linux wala Raspberry Pi, anahitaji simu ya kitochi na ulimi mtamu. Tukiwanyima vijana ujuzi huu hatumpunguzi tapeli hata mmoja, tunampunguza fundi wa kufuli.

Na Ngorongoro ina la kupoteza kuliko pasipoti. Faru weusi wa kreta walikuwa zaidi ya 100 katikati ya miaka ya 1960, kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990 ujangili ulikuwa umewabakiza chini ya 20. Zamani jangili alifuata nyayo. Siku hizi hifadhi nyingi duniani zinamfuatilia mnyama kwa kola na kamera, na mahali alipo panakaa kwenye kompyuta ya mtu. Mwaka 2013 nchini India mtu alijaribu kuingia kwenye barua pepe ya mtafiti iliyokuwa ikipokea taarifa za kola ya simbamarara wa hifadhi ya Panna. Alikwama. Je, siku akijaribu kwetu, atakwama kwa nani? Tutaagiza mtaalamu kutoka Nairobi au London, wakati kijana wa stendi ya Karatu ana Raspberry Pi mbili kwenye boksi la viatu?

Kwa hiyo haya ndiyo maombi yangu, matatu tu.

Kwa vijana wenzangu: anzeni nyumbani, kwenye mashine zenu, mkijenga na kubomoa vya kwenu. Usipekue mtandao wa gesti, wa chuo, wala wa jirani, hata kama mkono unawasha. Ukitaka kukagua cha mtu, omba karatasi: nani ameruhusu, kifaa gani, tangu lini mpaka lini. Ukikuta tundu kwa bahati mbaya, usiingie kuthibitisha. TCRA wana kikosi cha taifa cha dharura za kompyuta, TZ-CERT, kazi yake ni kupokea taarifa kama hizo.

Kwa wenye loji, gesti na kampuni za utalii: tenganisheni waifai ya wageni na ya ofisi, badilisheni nywila za kiwandani za kamera na ruta, fungeni hizo folda. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile iliyotungwa mwaka 2022, na pasipoti ya mgeni ni taarifa binafsi. Mteja wako akivuja, swali la "nani alikutuma" utaulizwa wewe. Halafu mpeni kazi kijana wa hapo hapo mjini, kwa karatasi na kwa malipo.

Kwa watunga sheria: mtofautisheni aliyegonga hodi na aliyebeba runinga. Mei 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza haitawashtaki watafiti wa usalama wanaofanya kazi kwa nia njema. Februari 2023 Ubelgiji ikaweka kwenye sheria utaratibu wa kumlinda anayetoa taarifa ya tundu, kwa masharti: asiharibu, asiibe, asitangaze, atoe taarifa haraka. Na sisi tuandike masharti yetu. Yawe makali, sawa, lakini yawepo. Leo kijana akiona dirisha la mtu liko wazi, njia iliyo salama kwake ni kunyamaza na kupita. Wanaofaidi ukimya huo tunawajua.

Siku ya mwisho, kabla ya kupanda gari la Arusha, nilirudi kwenye ile gesti. Sikwenda kudai haki, nilikwenda kumwomba mzee radhi. Nikamwambia mzee wangu, nilikosea, nilipaswa kukuuliza kwanza. Akanitazama muda mrefu. Akasema amesamehe. Halafu, nikiwa nimeshageuka, akaniita.

"Wewe kijana. Na hiyo folda inafungwaje?"

Nikamwambia asubiri, sitaigusa mimi. Nikamwelekeza kibanda cha fundi pale karibu na stendi, nikamwambia aende na karatasi na kalamu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walishasema. Kilichobaki ni kumruhusu fundi aingie na saruji yake kupitia mlango wa mbele. Nawasilisha, wadau. Wanaobisha wabishe, karibuni.